Programu inasema imemaliza. Sasa imeleta nini?



Kila mwaka wakati wa memwari unapokaribia, na kila mara mtu anatayarisha formasio ya walimaji, swali moja linarudi katika magrupu yetu: "Nani iko na programu nzuri ya kupakua picha zote za blogu kwa mara moja?" Dakika kumi hazipiti, majibu yanajaa. Mmoja anasema HTTrack, mwingine DownThemAll, mwingine anatuma APK ambayo ata yeye hajui ilitoka wapi. Siku mbili kisha, yule yule anarudi na kilio: inaleta picha ndogo-ndogo tu, inaleta faili zenye hazifunguke, imesimama katikati. Na mashauri anayopewa ni yale yale tangu niko G1: toa programu uiweke tena, ikikataa, weka VPN, ikikataa tena, ongeza hesabu ya faili zenye zinashuka pamoja.

Leo nataka kuchambua zile programu pamoja na yale mashauri. Mimi ni mtu wa agronomi, si wa informatike, kwa hiyo nasema kama mtu mwenye anatumia, siyo kama mwenye anatengeneza. Lakini kazi yetu inaomba picha sana. Mlimaji wa Kabare ao wa Walungu hawezi kukaa saa moja akisikiliza majina ya Kilatini. Anataka kuona jani, kuona shina lililokatwa, kulinganisha na lile liko kwake. Na kule shambani rezo ikikosa, picha yenye haiko ndani ya telefone ni kama haipo. Njo maana tunapakua (sisi wenyewe tunasema kuteleshaja) mbele ya kupanda milima.

Tatizo langu na hizi programu zote, na na sisi watumiaji wake, ni gisi tunazipima. Programu inaandika chini ya ekra: faili 412, makosa 0, kazi imekwisha. Tunafurahi. Mimi naona kipimo hicho hakifai kitu. Kipimo changu ni hiki: miezi sita kisha, mtu mwingine akifungua ile dosie, atajua kila picha inaonyesha nini, ilipigwa wapi, na nani aliipiga? Kama jibu ni hapana, basi ile programu imetuletea rangi tu, na tumelipa mega juu ya rangi.

Nichukue mfano wa ndizi, juu hapo kosa la picha linaweza kugharimu shamba. Mnyauko wa bakteria, BXW, ule majirani wa Rwanda wanaita kirabiranya, kwetu Congo ulitambuliwa Masisi mwaka 2001. Kuko pia ugonjwa wa Fuzariamu, wa zamani kuliko huo, unaokaa ndani ya udongo miaka mingi. Ukisimama mbali, yote mbili inaonyesha mgomba wenye majani ya manjano yamekauka na kuanguka. Picha ya mbali haitakuambia kitu. Unapaswa kuona karibu: kwa BXW ukikata shina, kisha dakika kidogo maji mazito ya manjano yanatoka kama usaha, na matunda yanaiva mbele ya wakati, ukiyapasua ndani yake kuko madoa ya rangi ya kutu. Kwa Fuzariamu hakuna ule usaha, matunda ndani iko safi, lakini shina linaweza kupasuka karibu na chini, na ukilikata unaona mishipa ya rangi nyekundu-nyeusi. Na dawa yake haifanani. Kwa BXW tunaambia mlimaji atoe shina lenye kuugua, avunje ua dume kwa fimbo yenye panda, apitishe kisu motoni ao katika maji ya javeli. Kwa Fuzariamu kupitisha kisu motoni peke yake hakuwezi kuponyesha udongo; hapo unazungumuza juu ya kubadilisha aina ya ndizi na kutokutoa miche katika lile shamba.

Sasa weka ndani ya flashi picha mia mbili za migomba ya manjano, zote zikiitwa image001, image002, bila maandishi. Nimeshika flashi ya namna hiyo mara nyingi. Ya mwisho ilitoka kwa shirika moja lililokuwa linafundisha mamonita. Picha zilikuwa nzuri, zilitoka katika blogu za watafiti, na katika blogu kila moja bila shaka ilikuwa na maelezo chini yake. Kwenye flashi maelezo hayakuwa. Monita mmoja aliniuliza picha fulani ni ugonjwa gani. Ilikuwa mgomba mzima, umepigwa kwa mbali. Hakuna mwanadamu mwenye angeweza kumujibu.

Kwa muhogo ni hivyo hivyo. Mozaiki inakunja jani na kuweka rangi ya kijani na ya manjano kama viraka. Utitiri wa kijani unaacha vidoto-doto vya manjano vyenye mtu mwenye haraka anaita mozaiki. Ule mchirizi wa kahawia, CBSD, unaweka manjano kando ya mishipa ya jani bila kulikunja, na ubaya wake mkubwa uko chini, ndani ya muhogo wenyewe. Mtu anachagua mbegu kwa kutazama majani. Akifundishwa na picha isiyo na jina, atabeba miti yenye ugonjwa kuipeleka kilima kingine.

Kwa hiyo nikisema "kutengeneza matatizo ya kupakua picha", sianzi na programu iliyokataa kufunguka. Naanza na picha ndogo-ndogo, kilio cha kwanza cha kila mtu, na chenye kinaeleweka vibaya kuliko vyote.

Watu wanafikiri programu imepunguza picha. Hapana. Programu imeleta kile ilichoona katika ukurasa. Blogu haionyeshi picha ya asili. Inaonyesha nakala ndogo ili ukurasa ufunguke mbio, na ile kubwa inakaa nyuma ya kiungo. Katika blogu za WordPress, tazama jina la faili: utaona mwisho wake kitu kama -300x225 mbele ya .jpg. Hiyo ni alama ya nakala iliyopunguzwa. Toa yale maandishi pamoja na kale kamstari kake, ufungue tena anwani, na mara nyingi picha ya asili inatoka. Tangu WordPress 5.3 ya mwaka 2019, picha inayopita pikseli 2560 inatengenezewa pia nakala yenye neno -scaled, na hiyo kwa kazi yetu inatosha kabisa. Katika Blogger alama iko katikati ya anwani: s320 ni picha yenye upande mrefu wa pikseli 320, andika s1600 pahali pake, unapata kubwa, andika s0, unapata kama vile mwenyewe aliiweka.

Fanya hesabu uone tofauti. Picha ya 300 kwa 225 iko na pikseli 67,500. Ya 2560 kwa 1920 iko na zaidi ya milioni 4.9, ni kusema mara 72 na kitu. Nzi mweupe, Bemisia tabaci, mwenye kubeba mozaiki, katika picha ya kwanza ni pikseli moja ao si kitu. Katika ya pili unamuona na mabawa yake.

Lakini pia sikubali lile shauri la "kamata kila mara kubwa kuliko zote". Anayelisema halipi mega. Picha 400 za megabaiti 2 ni megabaiti 800, na picha ya mgomba mzima haina haja ya ukubwa ule. Mimi nachukua s1600 kwa karibu zote, na s0 kwa zile za karibu tu: jani, mdudu, shina lililokatwa. Hapo programu haiwezi kunichagulia, na nashangaa watu wanaoiomba ichague.

Shida ya pili inachekesha kidogo. Mtu anapakua blogu nzima na HTTrack usiku mzima, asubuhi anakuta maandishi yote yako na hakuna ata picha moja. Anasema programu imekufa. Kumbe programu imetii. HTTrack, na wget pia, kwa desturi haitoki nje ya nyumba yenye uliitaja. Na picha za blogu nyingi haziko katika nyumba ile: blogu iko kwa anwani moja, picha zake zinakaa kwa seva nyingine ya Google ao ya kampuni nyingine. Katika HTTrack kuko kasanduku kamoja upande wa viungo, kanaruhusu kuleta faili zinazohusiana na ukurasa ata kama ziko nje. Ukikaweka alama, picha zinashuka. Kwa wget unaongeza -p na -H, lakini hapo chunga: -H pamoja na -r bila kutaja nyumba zinazoruhusiwa kwa -D itakupeleka kuzunguka intaneti mpaka mega ziishe. Hakuna VPN yenye ingetengeneza hiyo.

Faili zenye hazifunguke: tazama uzito wake mbele ya kutupa. Kama picha hamsini zote ziko na kilobaiti sawasawa, tuseme 4 ao 9, basi karibu hakika hazikuwa picha. Fungua moja na programu ya kuandika, ile Notepad. Ukiona neno html katika mistari ya kwanza, ile ni barua ya kukataliwa yenye seva ilikutumia, na programu ikaivalisha jina la .jpg bila kuisoma. Hapa nalaumu watengenezaji kweli. Faili ya PNG inajitaja PNG mwanzoni kabisa. Ya WebP inaanza na RIFF. Ya JPEG iko na alama yake pia. Kusoma herufi chache za kwanza ni kazi ndogo sana kwa ordinateri. Programu inayohesabu barua 50 za kukataliwa kama picha 50 inadanganya mtu wake.

Na kwa nini seva inakataa? Mara nyingi juu inauliza: umetoka ukurasa gani? Navigateri (wa Tanzania wanaiita kivinjari) inajibu yenyewe. Programu ya kupakua mara nyingine haisemi kitu, na seva inafikiri ni mtu anayeiba picha kuziweka kwake. Njo maana DownThemAll, yenye inaishi ndani ya navigateri, inapita fasi ambapo wget inafungiwa mlango, mpaka uiambie --referer na anwani ya ukurasa. HTTrack yenyewe iko na tabia nyingine ya ajabu: kama hukubadilisha kitu, inajitambulisha kwa seva kama navigateri ya zamani juu ya Windows 98. Ndiyo, 98. Seva nyingi za leo zinaona mgeni huyo mlangoni na zinafunga. Kitambulisho hicho kinabadilishwa katika mapangilio kwa dakika moja.

Sitaki mtu asome hapo kama ruhusa ya kuvunja kila mlango. Kuko faili robots.txt ambamo mwenye blogu anaandika fasi zipi roboti zisipite. HTTrack inaitii kwa desturi, na inakuachia nafasi ya kuizima. Mashauri mengi yanaanza na kuizima. Mimi siizimi. Mtafiti mwenye blogu ndogo analipia pia seva yake, na mistari mitatu ya imeli inafungua mambo yenye programu haiwezi kufungua: wengine watakutumia dosie nzima, na maelezo ndani.

Lile shauri la kuongeza faili zinazoshuka pamoja ni baya zaidi. Seva ikikujibu 429, inakuambia umeomba mara nyingi mno. Ukiongeza kasi, unaongeza kosa. Na sisi tuko na shida ya zaidi: kampuni za simu mara nyingi zinapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo seva inaweza kukuhesabu pamoja na watu usiowajua. Dawa ni kupunguza. Faili moja ao mbili kwa wakati, na sekunde chache za kupumzika katikati; kwa wget ni --wait=5 --random-wait. Unaiacha usiku, unalala.

Kama umeme ukikatika usiku huo, asubuhi utakuta picha yenye nusu ya chini ni kijivu. Hapo wengi wanatumia -nc ili wget isirudilie zile ziko tayari. Lakini -nc inatazama kama jina liko, haitazami kama faili ni nzima, na ile nusu ya kijivu itabaki nusu milele. Tumia -c, yenye inaomba seva kipande kilichobaki. Seva nyingine hazikubali kutoa kipande. Hapo futa na uanze upya.

Picha nyeupe ao kidoti kimoja: ukurasa unachelewesha picha mpaka msomaji ateremke. HTTrack na wget hazifanyi ile kazi ya JavaScript, kwa hiyo zinaleta kile kidoti cha kungojea. Fungua ukurasa, teremka polepole mpaka chini, kisha anzisha DownThemAll. Basi.

WebP isiyofunguka kwa ordinateri ya zamani yenye Windows 7: weka IrfanView pamoja na nyongeza zake, ugeuze kuwa JPEG. Itakuambia pia kama faili imeitwa .jpg na ndani ni kitu kingine.

Sasa turudi kwa majina. Windows haikubali alama ya kuuliza, nukta mbili, nyota na alama zingine ndani ya jina la faili, na kwa kawaida njia nzima ya faili, pamoja na madosie yote, haipaswi kupita herufi 260. Blogu za Kifaransa zinapenda vichwa virefu vyenye kuuliza. Ukiambia programu ichukue kichwa cha makala kama jina, zingine zinashindwa, zingine zinakata, na picha mbili zilizokatwa fasi moja zinapigana jina, moja inafuta nyingine. Kwa hiyo watu wanachoka, wanarudi kwa image001. Mimi napendelea jina fupi la kazi ya mkono: ndizi-bxw-shina-namba, na katika dosie ile ile faili moja ya maandishi yenye mstari mmoja kwa kila picha: ugonjwa, fasi, mwaka, mpigaji, anwani ya ukurasa. Inachosha? Ndiyo. Kwa picha arobaini ni saa moja na nusu. Kwa picha mia nne hautafanya, na hiyo inakuonyesha kama hukuwa na haja ya picha mia nne.

Wengine watasema tarehe na fasi ziko ndani ya picha yenyewe, kamera inaziandika. Zilikuwa. WordPress ikitengeneza nakala ndogo, kwa desturi inatoa sehemu kubwa ya yale maandishi ya ndani. WhatsApp nayo inayatoa ukituma kama picha. Na tarehe yenye Windows inakuonyesha mara nyingi ni ya siku ulipakua. wget inajitahidi kidogo, inaweka tarehe ambayo seva imetoa, lakini ile kwa kawaida ni ya kuweka picha kwa seva, siyo ya shambani. Nimeona katika memwari picha yenye imeandikwa "2023, Kivu ya Kusini" na nyuma ya mgomba kuko nyumba na watu wenye hawafanani hata kidogo na fasi yetu.

Hapa naweza kusema jambo lenye wataalamu hawatapenda. Mamonita wengi wa vijijini hawatumii programu yoyote. Wanafungua ukurasa, wanapiga picha ya ekra, na ndani yake kuko jani pamoja na maandishi ya chini, na mara nyingine jina la blogu juu. Ubora ni mdogo, ekra imekatwa vibaya, saa na betri vinaonekana. Lakini ukimuuliza monita ile ni nini, anakusomea. Kati ya dosie safi ya faili 412 bila jina na picha ishirini za ekra zenye maelezo, mimi napanda kilima na zile ishirini.

Sasa hukumu yangu juu ya programu zenyewe, kwa kipimo nilichotaja.

HTTrack, aliyoanzisha Xavier Roche wa Ufaransa mwaka 1998, iko na sura ya zamani, haielewi kurasa za kisasa zinazotegemea JavaScript, na mapangilio yake yanatisha mtu wa kwanza. Lakini iko na lugha ya Kifaransa, na zaidi ya yote inaleta ukurasa mzima: picha inabaki chini ya kichwa chake, na maelezo yake. Kwa blogu za kawaida za watafiti, zenye maandishi na picha, bado naiweka ya kwanza. Kosa letu ni kuambia ilete .jpg peke yake, juu tunafikiri maandishi ni uchafu. Maandishi hayafiki hata sehemu ndogo ya uzito.

DownThemAll ni nzuri kwa ukurasa mmoja wenye unaona kwa macho yako. Ile ya zamani ilikufa Novemba 2017 wakati Firefox 57 ilikataa nyongeza za mtindo wa zamani. Ya sasa imeandikwa upya, ilitoka 2019, na haigawanyi tena faili moja vipande vingi kama ile ya kwanza. Kwa hiyo ukikuta shauri linalosema bonyeza hapa na hapa na huoni ile fasi, usihangaike, wanaelezea programu nyingine yenye jina lile lile.

wget, ya Hrvoje Nikšić wa Croatia, tangu 1996, ni nguvu na uvumilivu, ila inaomba uandike amri, na kosa moja la herufi linakula mega zako. gallery-dl pia ni ya amri. Inafanya kitu chenye ningependa zote zifanye: ukiomba --write-metadata, kando ya kila picha inaandika faili ya maelezo yenye ilipata kwa seva. Kwa Tumblr na Blogger ni mzuri sana. Kwa blogu nyingi za WordPress haitakusaidia, na WordPress njo iko na blogu nyingi zetu.

Zile APK zinazozunguka katika magrupu, zenye matangazo kila picha tatu, sizihesabu. Matangazo yanakula mega kuliko picha.

Limebaki jambo la haki ya mwenye picha. Sheria yetu, Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi za waandishi na wasanii, na picha ziko ndani. Watafiti wengi wanaruhusu kutumia picha zao kwa leseni ya Creative Commons, lakini leseni zake zile sita za kawaida, zote zinaanza na BY, ni kusema utaje jina la mwenye kazi. Programu ikishatupa jina lake njiani, ata mtu mwenye moyo mzuri hana namna ya kutii. Katika memwari anaandika "chanzo: intaneti", na jury inaacha ipite.

Kwa wale wanaoandika mwaka huu: jaribu HTTrack juu ya makala moja, siyo blogu nzima, na kile kasanduku ka picha za nje kikiwa na alama. Fungua matokeo ukiwa umezima mega. Kama picha na maelezo yake vinaonekana pamoja kwenye ekra, ongeza makala ya pili.